Tumeshinda, Wamefungwa

Jumatatu ya tarehe 6 Novemba 2023 niliingia kidato cha tatu na kipindi cha viambishi. Jana yake Yanga walikuwa wameipiga Simba mabao 5-1 Uwanja wa Benjamin Mkapa, na darasa zima lilijua kwamba mwalimu wao ni Yanga. Nikajikaza. Sikuutaja mpira hata kidogo. Niliandika ubaoni: tunga sentensi tano zenye kiambishi cha nafsi ya kwanza wingi. Kisha nikakaa, nikafunga vifungo vya koti, maana asubuhi za Njombe hazina mzaha hata Novemba, nikawaacha waandike.

Madaftari niliyosahihisha mchana ule yalinifundisha kuliko mimi nilivyofundisha. Watoto wa Yanga walimaliza zoezi kwa pumzi moja. Tumewafunga. Tumewapiga mkono. Tulijua tutawafunga. Tutawafunga tena. Mmoja wao nafasi haikumtosha, akabandika sentensi ya sita pembeni. Watoto wa Simba, kwa upande wao, waligeuka wakulima ghafla. Tunapanda viazi. Tuliamka mapema. Tunampenda bibi yetu. Kijana mmoja wa viti vya nyuma, mwenye nembo ya Simba kwenye begi, ndiye pekee kati yao aliyethubutu kuugusa mchezo. Aliandika: Simba wamefungwa tano.

Nikamtia kosa, nikamwita mbele. "Swali linataka tu-. Wewe umeandika wa-."

Akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyeonewa. "Mwalimu, mimi sikucheza."

Darasa likaangua kicheko, nami nikacheka. Lakini nilikuwa nakumbuka vizuri kwamba Agosti ya mwaka uleule, Simba walipoifunga Yanga kwa penalti kwenye Ngao ya Jamii kule Tanga, kijana huyuhuyu alinipokea getini akiwa na meno yote nje: "Shikamoo mwalimu, tumewanyonga!" Agosti alicheza. Novemba hakucheza.

Mwaka 1976 mwanasaikolojia wa Marekani, Robert Cialdini, na wenzake walichapisha utafiti ambao ungeweza kabisa kufanywa kwa madaftari yangu. Katika vyuo vikuu saba walihesabu wanafunzi waliovaa nguo zenye jina au nembo ya chuo siku za Jumatatu. Timu ya chuo ikiwa imeshinda mwishoni mwa wiki, nguo hizo zilijaa madarasani, isiposhinda, zilipungua. Kisha wakawapigia wanafunzi simu na kuwauliza matokeo ya mechi. Mechi ya ushindi ilisimuliwa kwa "sisi" mara nyingi zaidi kuliko mechi ya kushindwa. Lililonigusa kuliko yote ni dogo: kabla ya swali la mpira, wanafunzi walipewa maswali ya kupima maarifa, na baadhi wakaambiwa wamefanya vibaya. Hao waliotoka kuambiwa wamefeli ndio tofauti ilikuwa kubwa kwao: ushindi waliukumbatia, kipigo wakakikimbia.

Hilo halihitaji safari ya Marekani. Nenda Makambako siku bei ya viazi imeanguka. Utamwona mkulima aliyeamka alfajiri, gunia lake limeshindiliwa lumbesa hadi limeota kichwa, na mnunuzi analihesabu gunia moja tu. Dereva anambana, dalali anambana, mvua nayo inambana. Jioni mkulima huyo ameketi kwenye benchi la kibanda umiza cha kutazamia mpira, koti limemlowa, na bao likiingia anaruka: "Tumewanyoosha!" Sisi walimu wa lugha tuna maneno mawili ambayo hapa yanafaa: kutwa nzima mtu huyu alikuwa mtendwa, kwa dakika 90 amepata kuwa mtenda. Atakayemcheka hajawahi kuuza viazi.

Kiswahili kina ukali wake katika jambo hili. Unaweza kuliacha neno "sisi" lisitamkwe, lakini kitenzi hakikubali kutoka mdomoni bila kutaja ni nani. Lazima uchague mlango. Tumefungwa: umo ndani. Wamefungwa: umetoka, unachungulia dirishani. Na kuna mlango wa tatu, wa walioudhika sana: Simba imefungwa, kama duka lililofungwa, na wewe ni mpita njia tu. Silabi moja inasema moyo umelala wapi. Mimi nafundisha silabi hizo kwa mshahara, na bado ilinichukua karibu miaka 40 kujua yangu imelala wapi.

Ilianza na sweta. Nilizaliwa Makambako, mji wa njia panda, pale ambapo barabara ya Dar es Salaam kwenda Mbeya inaachana na ile ya Njombe na Songea, na pale ambapo reli ya TAZARA ina stesheni. Baba alikuwa mfanyakazi wa reli. Mwaka 1987, nikiwa darasa la tatu, baridi ya Juni ilinikuta sina nguo nzito, na mama akaninunulia sweta la mitumba, zile nguo ambazo wakubwa wetu walizoea kuziita kafa Ulaya. Lilikuwa la kijani, na kifuani limezungushwa mstari wa njano. Mama aliangalia unene wake tu. Nilipofika shuleni, mvulana wa darasa la tano akapaza sauti: "Yanga huyooo!"

Mapumziko yale tulicheza chandimu. Timu ziligawanywa kwa nguo. Mwenye chochote chekundu, Simba. Mwenye kijani au njano, Yanga. Mwenye rangi nyingine akasubiri. Sikumjua mchezaji hata mmoja wa Yanga, wala sikuwa na habari kwamba Jangwani, nyumbani kwa Yanga, ni mahali. Lakini tulipofunga bao, nilikumbatiwa na watoto sita ambao asubuhi yake hawakuwa wakinijua jina. Nilirudi nyumbani nikiwa Yanga. Sikuchagua, nilivishwa.

Baba alikuwa Simba tangu klabu hiyo ikiitwa Sunderland, kabla ya kubadili jina mwaka 1971. Alilitazama sweta, akamtazama mama. "Mwanangu amelala Simba, ameamka Yanga," akasema. Mama akataka kulirudisha. Baba akakataa. "Liache. Nyumba yenye timu moja haina mazungumzo."

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Henri Tajfel, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika vita vya Hitler na kutumia maisha yake kuuliza kwa nini watu hujigawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, katika jiji la Bristol, Uingereza, aliwaonesha wavulana wa shule picha za wachoraji wawili, Klee na Kandinsky, kisha akawaambia kila mmoja kwamba yuko kundi la wampendao huyu au yule. Kumbe mgawanyo ulikuwa wa kubahatisha tu. Wavulana wale hawakujua nani mwenzao wala nani si mwenzao. Hata hivyo, walipopewa nafasi ya kugawa fedha, waliwapendelea wa kundi lao. Nilipomaliza kusoma nikacheka peke yangu. Bristol walitumia michoro. Makambako ilitosha kafa Ulaya.

Ila sweta lingechanika na Uyanga wangu kuisha nalo, kama si redio. Yanga ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1935, Simba mwaka uliofuata, zaidi ya kilomita 600 kutoka kwetu. Sisi hatukuuona uwanja, tuliusikia. Siku ya mechi baba alitoa redio ya betri nje, juu ya kigoda, na majirani wakasogea na vigoda vyao. Sauti ya Ahmed Jongo au Charles Hilary wa Radio Tanzania ilipopanda, watu wazima waliacha kutafuna. Nilijua jinsi winga anavyokimbia kwa kasi ya maneno ya mtangazaji. Gazeti la Mzalendo la Jumapili lilitufikia limechelewa, limepita mikono mingi, na baba alilisoma kwa sauti ingawa matokeo tulikwisha kuyajua. Nadhani ndiyo sababu timu za Dar es Salaam zilitushika namna ile. Uwanja niliujenga mwenyewe kichwani, na mtu hahami kirahisi nyumba aliyoijenga kwa mikono yake.

Mimi na baba tukawa watani. Neno hilo tunalitumia kila siku bila kulipima: Simba na Yanga ni watani wa jadi. Lakini utani kwetu ni taasisi. Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali karne ya 19, na leo ni watani: Mngoni anaweza kumtukana Mhehe mbele ya watu, hata msibani, na Mhehe akacheka. Mtani ana ruhusa ya kukudhihaki, na pia ana wajibu wa kukuzika. Wanasaikolojia wanatuonya, kwa haki, kwamba "sisi" huzaa "wao," na "wao" huzaa fimbo. Wazee wetu walilijua hilo wakalitafutia dawa: wakamfanya adui kuwa mtu ambaye huwezi kukasirika naye bila kujiaibisha.

Tarehe 6 Mei 2012 dawa hiyo ilinikaa kooni. Simba walitufunga 5-0, na moja ya mabao yale alilifunga Juma Kaseja kwa penalti. Kaseja alikuwa golikipa. Simu ya baba iliita kabla filimbi ya mwisho haijapoa. Sikupokea. Ikaita tena. Nikaizima, nikajilaza, nikajisemea kwamba mpira ni mchezo wa watoto na mimi nina mitihani ya kusahihisha. Kwa siku nne nilikuwa mtu asiye na timu. Kazini waliponiuliza, nilijibu, "Yanga wamejimaliza wenyewe." Wamejimaliza. Nilipoona kijana wa begi akiandika wa- kwenye daftari lake, nilikuwa natazama kioo cha mwaka 2012.

Siku kumi na moja baada ya mechi ile, kiungo wa Simba Patrick Mafisango alifariki kwa ajali ya gari Dar es Salaam. Hapo mimi ndiye niliyepiga simu. "Shikamoo baba. Poleni." Akaitikia marahaba, akashukuru, kisha akanyamaza kidogo. "Siku ile nilikuwa nakupigia kukusalimia tu," akasema. Alikuwa anadanganya, na sote tulijua.

Sasa nifike kwenye kisa chenyewe.

Mwaka 2017 Njombe Mji ilipanda Ligi Kuu, pamoja na Lipuli ya Iringa na Singida United. Kwa mji wetu wa viazi, chai na miwati, ambao ulikuwa makao makuu ya mkoa tangu 2012 tu, hilo lilikuwa jambo la kupigia vigelegele. Jina letu likasomwa kwenye taarifa za michezo. Baba alikuwa amestaafu na kuhamia Njombe karibu na kwangu, na tukaahidiana kwenda uwanja wa Sabasaba kila mechi ya nyumbani. Nilikuwa na mifano kichwani. Wazee wa nyanda hizi bado wanasimulia Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa milimani, ilivyotwaa ubingwa wa nchi mwaka 1986. Na nilikuwa nimeiona Mbeya City msimu wa 2013/14: timu imepanda tu, imemaliza nafasi ya tatu mbele ya Simba, na Mbeya nzima ikiisindikiza kama bibi harusi. Nikasema zamu yetu imefika.

Septemba Yanga wakaja. Niliacha jezi yangu kabatini makusudi, nikavaa koti la kahawia lisilo na siasa. Tulipofika uwanjani nilipigwa na butwaa. Watu walikuwa wamekuja na Noah na kosta kutoka Makambako, Makete, Ludewa, na wengi wao wamevaa kijani na njano. Ungedhani Njombe Mji ndiyo iliyosafiri. Nilimsikia mama mmoja muuza karanga, Mbena wa hapahapa, akimwambia mwenzake: "Vijana wetu tunawapenda, lakini leo wamekutana na wenyewe." Nikatikisa kichwa kwa masikitiko, kama mtu mwema.

Tuliketi upande wa wenyeji. Nilipiga makofi kila Njombe Mji walipopokonya mpira. Nilimpigia kelele refa kwa ajili yao. Nilikuwa Mnjombe mpaka kwenye kucha. Kisha Ibrahim Ajib akaifungia Yanga.

Nilishtukia nimesimama. Sikuamua kusimama, miguu iliamua, na mikono ilikwisha kupaa, na kooni kulikuwa na sauti ambayo haikuniomba ruhusa. Karibu yangu watu wa Njombe Mji walikuwa wameshika vichwa. Nikaona nyuso mbili tatu zinageuka. Nikahisi pindo la koti linavutwa kutoka chini.

"Keti, mwanangu," baba akasema taratibu. "Wametufunga."

Nikaketi. Masikio yalikuwa yanawaka. Ajib alikuwa ametoka Simba na kujiunga na Yanga miezi michache tu kabla, na baba hakuweza kuliacha hilo lipite. Akaniinamia sikioni: "Na mguu wenyewe tumeufundisha sisi."

Mechi iliisha 1-0, na mimi nilitoka Sabasaba nikiyatafuna maneno yale mawili ya baba. Wametufunga. Tumeufundisha. Katika pumzi mbili alikuwa ametumia tu- mbili, moja ya Njombe na moja ya Simba, na hakuna iliyoisukuma mwenzake. Mimi nilikuwa nimehangaika mchana kutwa kuivua moja ili niivae nyingine, kama mtu mwenye sweta moja.

Siku zile nilidhani baba ameitaka Njombe Mji kwa sababu Yanga ndio wageni. Nilikosea. Simba walipokuja, wakashinda, baba alitoka uwanjani akisema, "Tumejifunga wenyewe," akacheka hadi akakohoa. Alikuwa anakwenda Sabasaba hata siku za mvua, hata kwa mechi za timu zisizo na jina. Kulikuwa na mchezaji mmoja kijana, mtoto wa pwani, aliyepanga chumba jirani na baba. Baridi ya Njombe ilimtesa. Alilala na soksi mikononi. Baba alimpelekea blanketi la mistari, lile zito la kazini kwake TAZARA, na kila Jumamosi mama alimpikia chai ya tangawizi. Kijana yule akicheza vibaya, baba hakusema "anacheza vibaya." Alisema, "Leo hatukulala vizuri."

Ndipo nilipoanza kuona kwamba tu- ya baba haikutoka moyoni peke yake. Ilitoka kwenye blanketi, kwenye kiingilio, kwenye viatu vilivyolowa. Yangu ya Yanga nayo ilikuwa na gharama yake: redio, magazeti, miaka 30 ya kutaniwa. Yangu ya Njombe Mji ilikuwa na nia njema tu, na mwili, unapoitwa ghafla, hauitikii nia njema. Unaitikia mazoea. Sikuwa msaliti pale Sabasaba. Nilikuwa mgeni aliyekaa kiti cha mwenyeji.

Msimu ule wa 2017/18 uliisha kwa mambo mawili. Simba walitwaa ubingwa, wa kwanza kwao tangu 2012. Njombe Mji ilishuka daraja, pamoja na majirani zetu Majimaji wa Songea. Jioni nilipita kwa baba nikamkuta ameinamia jiko la mkaa, viganja vimekaribia moto.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Hongera kwa ubingwa. Ila Njombe ndiyo hivyo tena, wameshuka."

Akainua macho. "Wameshuka akina nani?"

"Njombe Mji."

"Tumeshuka," akasema, akageuza kaa moja kwa koleo. "Tumechukua kombe na tumeshuka daraja. Mwaka mmoja."

Hakusema kwa uchungu wala kwa majivuno. Alisema kama mtu anayetoa hesabu ya nyumba: tumevuna hiki, tumepoteza kile. Mimi, mwalimu wa Kiswahili mwenye cheti ukutani, nilisahihishwa kiambishi na mstaafu wa reli.

Baada ya jioni ile nilianza kuzisikia silabi hizi kila mahali. Nilizisikia kwenye ofisi ya walimu, na aliyenishtua zaidi ni mimi mwenyewe. Matokeo ya mtihani wa taifa yakija mazuri, nilikuwa nasema, "Mwaka huu tumefaulisha." Yakija mabaya, nilisema, "Watoto wamefeli." Walimu walewale, watoto walewale, chaki ileile. Nilizisikia misikitini na makanisani, kwenye vikoba, kwenye ukoo. Mpwa akipata kazi, mtoto wetu. Mpwa akikamatwa, mtoto wa dada. Mpira haukutufundisha tabia hiyo. Mpira unaianika tu, kila wiki, kwa matokeo ambayo hayawezi kubishiwa.

Sitaki kumhukumu kijana wa begi. Mtu anapokimbia kipigo cha timu yake anajikinga, na kuna majuma ambayo kila mmoja wetu anahitaji mahali pa kujikinga. Nilimfutia kosa lile, nikamwandikia chini: sentensi ni sahihi, nafsi ndiyo iliyokosewa. Ila wanafunzi wa Cialdini na madaftari yangu ya 2023 yananiambia jambo moja la kuangalia. Usimpime mtu kwa jezi aliyovaa siku ya fainali. Mpime kwa kitenzi chake cha Jumatatu.

Na kitenzi hicho hujifunzwa kwa mazoezi, kama vingine vyote. Najua kwa sababu nilijaribu.

Msimu uliofuata ule wa kushuka, Njombe Mji walicheza Ligi Daraja la Kwanza. Noah na kosta hazikuja tena. Baba miguu ilikuwa imeanza kumsumbua, kwa hiyo siku moja nilikwenda Sabasaba peke yangu. Tulikuwa watu wa kuhesabika, wengi tumejikunyata na mikono mifukoni, na ukungu umeshuka hadi goli la upande wa pili likawa la kukisia. Hakukuwa na mtu wa kunitazama nikikaa wala nikisimama. Timu ilifungwa bao moja. Nilingoja kuona mwili utafanya nini. Haukufanya kitu kikubwa: kifua kilishuka kidogo, kama unapofungua sufuria ukakuta ugali umekwisha. Nikaona si haba, ni mwanzo.

Nikatoka, nikasimamisha bodaboda. Kijana alikuwa amejifunika shingo kwa kitambaa cha njano.

"Kamwene, mzee. Vipi, mpira umeishaje?"

Neno lilikuwa zito mdomoni, kama jina la mkwe. "Tumefungwa," nikasema. "Moja."

Akakanyaga breki. Akageuka akanitazama, uso umejaa hofu ya kweli.

"Kwani leo Yanga walikuwa na mechi?"